Kikoba cha wanawake watupu, cha wanaume watupu au mchanganyiko: kipi kinakufaa?

Kila vikundi vikishavunja na watu wakagawana hisa zao, hapa Tanga mjadala unaanza upya: mwaka huu tufungue na nani, tuwaite wanaume au tubaki wenyewe? Na kila mtu jibu lake analo tayari. Ukiuliza Makorora utaambiwa mwanamke ndo mwaminifu wa hela, ukishuka Deep Sea kwa wavuvi utaambiwa vikundi vya wanawake havimalizi mwaka bila watu kununiana. Wote wanaongea kwa uhakika kabisa na wote wamekosea nusu nusu, maana hii kitu imepimwa tena miaka mingi, wachumi wanakalisha watu mezani na hela ya kweli wanaangalia nani anatoa na nani anabana. Nimezisoma sana hizo habari sababu nimekuwa kwenye vikundi vya kila aina na nilichoka kubishana kwa "mimi ninavyojua wanawake". Basi nazipanga hizo aina tatu hapa, we uangalie yako ipi.

Kwanza mjue wanavyopima. Chukua watu wanne, kila mmoja mpe elfu kumi. Kila mtu kwa siri anaamua atie ngapi kwenye mfuko wa pamoja na abaki na ngapi. Kilichoingia kwenye mfuko kinazidishwa mara mbili, halafu kinagawanywa sawa kwa wote wanne hata kama hukutia kitu. Wakitia wote elfu kumi kumi, mfuko unakuwa 40,000, unazidishwa unafika 80,000, kila mtu anaondoka na 20,000. Safi. Ila mmoja akificha yake, mfuko una 30,000, inakuwa 60,000, kila mtu anapata 15,000, na yule mjanja ana 15,000 na elfu kumi yake mfukoni, jumla 25,000. Yaani ujanja unalipa, mpaka pale wote wakiwa wajanja ndo kila mtu anabaki na elfu kumi yake aliyokuja nayo. Aliyewahi kukaa kwenye kikundi ambacho watu wanakopa hawarudishi anaujua huu mchezo bila kufundishwa.

Kwenye kuchanga, nani anatoa zaidi?

Mwaka 2011 Daniel Balliet na wenzake walikusanya tafiti za miaka hamsini za mambo kama haya, vipimo 272, watu zaidi ya 31,000, nchi na jamii 18. Wakajumlisha yote kuona kati ya mwanaume na mwanamke nani anashirikiana zaidi. Jibu: karibu hakuna tofauti. Sasa hapo wengi wanafunga kitabu, lakini utamu uko ndani, maana walipotenganisha nani alikuwa amekaa na nani mambo yakabadilika. Wanaume wakiwa na wanaume wenzao waliwazidi kidogo kwa kushirikiana wanawake wakiwa na wanawake wenzao. Wakichanganywa, wanawake ndo wanatoa zaidi ya wanaume. Na wakirudia mchezo ule ule raundi nyingi, wanaume wanasogea mbele. Tofauti zote hizi ni ndogo, huwezi kumshika shemeji yako mkono ukasema huyu mwanaume kwa hiyo atachanga, hapana, ni wastani wa maelfu ya watu.

Kwa hiyo wa Deep Sea wana kaushahidi kao. Ila ukiangalia kwa nini, haiko kwenye ndevu. Kuna utafiti wa Brazil, wa Gneezy, Leibbrandt na List, walichukua wavuvi wa ziwani ambao kila mtu anavua peke yake na wavuvi wa baharini ambao lazima waende wengi kwenye chombo kimoja, wote eneo moja la kaskazini mashariki ya nchi. Wa baharini walishirikiana zaidi kwenye majaribio. Wote wavuvi, kazi ndo tofauti. Sasa fikiria wavuvi wetu, mnatoka usiku, nahodha na mabaharia, mkirudi mnatoa mafuta na barafu, mnatoa fungu la chombo, mnagawana kilichobaki, mwaka mzima mnafanya hivyo, kwa nini msiwe wazuri wa kuchanga? Mwanamke wa mwani kule Mkinga ana kamba zake, anafunga mbegu zake, anaanika zake, anauza kilo zake. Ukimweka kwenye kikundi leo umemwambia afanye kitu ambacho kazi yake haijamzoesha, halafu mnasema wanawake hawawezi kushirikiana. Mi hilo silikubali.

Afu hivyo vipimo 272 vingi ni vya wanafunzi wa chuo huko nje, watu ambao kwa kawaida hawajuani. Ukija Afrika picha inageuka. Fiona Greig na Iris Bohnet walifanya mchezo wa mfuko kwenye mtaa wa watu wa kipato cha chini Nairobi, wakachapisha 2009, walitaka kujua kwa nini vikundi vya kuchangishana vimejaa wanawake. Wakakuta wanawake wakiwa wenyewe wanatia zaidi, wakichanganywa na wanaume wanapunguza. Wanaume wao haikuwabadilisha kitu. Na sababu kubwa ni imani: wanawake walitegemea wanaume hawatatia, basi na wao wakabana, nitie yangu ili nani ale? Liberia vijijini, James Fearon na Macartan Humphreys nao wakapata kitu cha namna hiyo, wanawake kwenye kundi la wanawake watupu walichangia zaidi kuliko wanawake wa makundi mchanganyiko.

Hivi havipingani na ya Balliet kama unavyodhani. Balliet anakwambia ndani ya mchanganyiko mwanamke anatoa kuliko mwanaume aliyekaa naye. Nairobi inakwambia huyo huyo mwanamke angekuwa na wenzake angetoa zaidi. Vyote vinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Lakini kama ni kuchagua kikoba cha Ngamiani au Mabawa, mi nausikiliza wa Nairobi kwanza, sababu wale ni watu wanaojua mkopo wa jirani ni kitu gani.

Kwa upande wa kuchanga na kukopeshana basi: wanawake watupu mbele, wanaume watupu wanaofanya kazi pamoja tayari wanafuata bila aibu yoyote, mchanganyiko wa mwisho, labda muwe mmeweka utaratibu ambao nitausema chini.

Biashara ya kukimbizana je?

Hapa nazungumzia kikundi ambacho hakiishii kwenye hisa, mnataka kununua friza, mashine ya barafu, boti, kuku elfu. Hapa watu wanasema wanaume ni wathubutu. Kuna ushahidi, ila una mkia mrefu.

Muriel Niederle na Lise Vesterlund mwaka 2007 waliwapa watu hesabu za kujumlisha, dakika tano, makundi ya wanne, wanaume wawili wanawake wawili. Wote walipata sawa sawa, hakuna aliyekuwa mkali kuliko mwenzie. Wakaulizwa raundi inayofuata mnataka mlipwe kwa kila jibu, au mshindane, wa kwanza achukue nyingi wengine wakose? Wanaume 73% wakachagua kushindana, wanawake 35%. Na hasara iko pande zote, wapo wanaume dhaifu waliojitosa wakapoteza na wapo wanawake wakali waliokaa pembeni wakaacha hela mezani. Hiyo ya pili ndo huwa inaniuma zaidi, maana naiona kila siku, mama anajua biashara ya samaki kuliko wote mle ndani na hanyanyui mkono kuwa mwenyekiti wa mradi.

Halafu Gneezy, Kenneth Leonard na List wakaja hapa hapa Tanzania, kwa Wamaasai, wakaenda na kwa Wakhasi wa India ambako ukoo na mali vinapita kwa mama. Kazi ilikuwa kurusha mpira wa tenisi kwenye ndoo, mita tatu, mara kumi. Unachagua ulipwe kwa kila mpira ulioingia au ushindane na mtu usiyemjua, ukimzidi unalipwa mara tatu. Wamaasai: wanaume 50%, wanawake 26%. Wakhasi: wanawake 54%, wanaume 39%. Wamegeuka! Kwa hiyo mtu akikwambia mwanamke kaumbwa hapendi ushindani, mwambie aende kwa Wakhasi. Ni malezi, ni nani amezoea kushika mali.

Kwenye kubahatisha hela pia ni hivyo hivyo. Mchezo ule wa "una kiasi hiki, weka unachotaka kwenye bahati" unaonyesha wanawake wanaweka kidogo kuliko wanaume, karibu kila ulipofanyika. Ila Antonio Filippin na Paolo Crosetto, 2016, walikusanya marudio 54 ya kipimo kingine cha hatari, ambacho unachagua kati ya jozi za bahati nasibu, na tofauti ya kijinsia ilikuwa inaonekana mara chache sana. Unabadilisha swali, tofauti inapotea. Sasa mnataka mjengee kikundi kizima juu ya hiyo?

Ninachopendekeza kwa mradi mkubwa ni mchanganyiko, na hapa nabadilisha mpangilio wa juu kabisa. Sio kwa sababu wanaume wana roho ngumu, ni kwa sababu kwa Tanga biashara nyingi za pwani zina mguu mmoja baharini mmoja sokoni, wanaume wanavua na wanawake wengi wako kwenye kukaanga na kuuza, kikundi cha jinsia moja kinakuwa na habari za nusu moja tu ya biashara. Wanaume watupu wakinunua friza wanaweza kukosa anayejua mteja wa jioni anataka nini, na wanawake watupu wakinunua boti, jamani, nahodha mtamkodi na hesabu atawapa anayotaka yeye.

Kazi zisizo na shukrani

Hii watu hawaiongelei wakati ndo inayovunja vikundi kimya kimya. Nani anaandika daftari, nani anapiga simu kwa wadaiwa, nani anawahi kufagia, nani anaenda ofisi ya kata kufuata muhuri.

Linda Babcock, Maria Recalde, Vesterlund (huyo huyo wa juu) na Laurie Weingart walitoa utafiti 2017. Watu watatu kila mmoja kwenye kompyuta yake, dakika mbili, lazima mmoja abonyeze kitufe ili wote wapate, ila atakayebonyeza anapata kidogo kuliko wenzie. Asipobonyeza mtu wote wanapata pungufu hata ya huyo. Kwenye makundi mchanganyiko, wanawake walijitolea 48% zaidi ya wanaume. Walipowatenganisha, wanaume watupu na wanawake watupu, tofauti ikaisha kabisa! Yaani wanaume wakijua hakuna mwanamke wa kubonyeza wanabonyeza wenyewe vizuri tu. Na ulipoletwa mtu wa nje achague wa kumwomba, wanawake ndo waliombwa zaidi, hata anayeomba akiwa mwanamke mwenyewe.

Sasa nenda kwenye kikundi chochote mchanganyiko hapa mjini uangalie katibu ni nani na mwenyekiti ni nani. Sihitaji kuendelea.

Kwa hiyo kwenye hili, watupu kwa watupu wote wawili wako sawa, mchanganyiko una kasoro ya wazi. Dawa yake sio hotuba ya usawa, ni zamu. Ukatibu uzunguke kila miezi kadhaa kwa orodha, bila kujitolea na bila kuombwa, zamu yako ikifika umefika hata kama mwandiko wako kama wa daktari. Najua mtasema "lakini fulani anaandika vizuri". Ndo hivyo hivyo inavyoanza.

Kwenye kikao nani anasikika

Christopher Karpowitz na Tali Mendelberg na mwenzao waliwakalisha watu watano watano wajadili hela igawanywe vipi, wakawa wanabadilisha idadi ya wanawake na namna ya kupitisha uamuzi. Mwanamke akiwa mchache na uamuzi ni wa wengi wape, alikuwa anaongea kidogo sana kuliko sehemu yake. Wakibadilisha, uamuzi lazima wote wakubaliane, pengo linapungua maana hawawezi kumruka. Na wanawake wakiwa ndo wengi, basi hiyo hiyo ya wengi wape inawafaa wao.

Tafsiri ya mtaani: ukitaka mchanganyiko usichukue wanawake wawili kati ya kumi ili muonekane mmechanganya, au kama hao wawili ndo waliopo, mambo makubwa ya hela yapitishwe kwa wote kukubali. Mkiwa nusu kwa nusu au wanawake wengi, pigeni kura za kawaida muendelee na maisha.

Hesabu ya halmashauri

Hii haina utafiti, ni sheria. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Kwa hiyo wanaume watu wazima msio na ulemavu mliojikusanya wenyewe kwenye huo mgao hamna dirisha, na mchanganyiko wa watu wazima vile vile. Kama mpango wenu mkubwa ni kuchukua huo mkopo, mjadala wote wa juu unafupishwa, wanawake watupu, vijana au watu wenye ulemavu. Ila tusidanganyane, nimeona vikundi vya wanawake vya karatasi, majina ya kina mama na mwenye maamuzi ni mume wa mmoja wao amekaa nje kwenye baiskeli anasubiri hundi. Hiyo sio kikundi.

Na aina yoyote utakayochagua, usajili upo palepale, sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 haiangalii jinsia.

Utaratibu niliosema nitausema

Ernst Fehr na Simon Gächter mwaka 2000 walicheza mchezo wa mfuko raundi kumi. Bila adhabu, watu walianza vizuri halafu michango ikashuka shuka mpaka wengi hawatii kitu. Wakaruhusu mtu atoe hela yake kidogo ili kumkata anayebana, michango ikapanda, na kwa makundi yaliyokaa pamoja muda wote ikafika karibu na yote. Badiliko hilo ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya mwanaume na mwanamke niliyoitaja humu. Faini ya kuchelewa, faini ya rejesho, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu ambao sio ndugu, kila mtu anahesabu hela mbele ya wote. Kumbukeni kile cha Nairobi, wanawake hawakubana kwa roho mbaya, walibana kwa kuwa hawakuona dalili kwamba wenzao watatia. Hela zikihesabiwa hadharani kila wiki ile hofu haina pa kukaa. Kwa hiyo mchanganyiko wenye faini inayotozwa kweli, mpaka kwa mwenyekiti, naupa nafasi kuliko wanawake watupu wanaooneana haya kwa kuwa wote mashoga. Na hiyo haya ya kudaiana ndo ugonjwa wa vikundi vya kina mama hapa kwetu kama mnataka niseme, "ah, muache bwana ana msiba", msiba wa mwezi wa tatu sasa.

Mke na mume kikundi kimoja?

Nimeulizwa hili kuliko yote. Uganda, upande wa mashariki, watafiti walichukua mke na mume, kila mmoja akapewa zake kwa siri, kitakachoingia mfuko wa pamoja kinaongezwa nusu yake. Hapo ujanja hauna faida hata kidogo kwa familia, ukitia zote nyumba inapata zaidi. Bado wengi hawakutia zote. Ufilipino, Nava Ashraf akakuta wanaume ambao wake zao ndo washika hela, wakipewa nafasi ya kuamua kwa siri wanaziweka kwenye akaunti yao binafsi, na mke akijua na wakaongea kabla, hela inaenda kwa mke.

Kwa hiyo mi nawaambia wenye ndoa: kikoba cha hisa, kila mtu na chake, mke kwa wanawake wenzie na mume kwa wavuvi wenzie, hela ya ada za watoto iko salama zaidi kwenye sanduku ambalo mume hawezi kuliomba saa nne usiku. Mradi, friza au boti, humo muingie wote wawili kwenye mchanganyiko, ila hisa ziandikwe majina mawili na vijitabu viwili, na kwenye kura muwe na kura mbili, sio "sisi tumekubaliana nyumbani".